Unga wa Lishe Kutoka Mlandege

Kama uso wako umeviringika bila sababu, na kila mtu anakwambia upunguze kula, na wewe mwenyewe unajua kabisa kwamba huli kitu, naomba ukae chini usome haya hadi mwisho. Mimi si daktari. Ni fundi cherehani, kibanda changu kiko Mwanjelwa, Mbeya. Siwezi kukueleza ugonjwa kwa maneno ya vitabuni. Naweza kukueleza mabenchi ya hospitali, maana hayo nayajua yote, hadi lile lenye msumari uliochomoza. Na naweza kukueleza alichonifanyia mama yangu mzazi.

Shangazi aliniambia nisubiri hasira iishe ndipo niandike. Nimesubiri. Baridi imekuja na kuondoka, mahindi yamevunwa, mengine yamepandwa, na hasira bado ipo palepale. Nikiendelea kuisubiri, kuna mwenzangu mahali fulani atakuwa anaendelea kunywa.

Nimezaliwa Mlandege, Iringa mjini. Kwetu tulikuwa wasichana wawili, dada yangu Fidea na mimi Veronika. Fidea alikufa akiwa amebaki mifupa na macho. Alikuwa na uvimbe tumboni, hospitali walisema hivyo na waliandika hivyo, lakini nani alijali? Kwetu mtu akikonda hawasemi ana mawazo wala ana minyoo. Wanasema amekanyaga miwaya, yaani ana ukimwi. Walisema hivyo msibani, kwenye masufuria, mama akiwa anapita na ndoo ya maji. Aliwasikia. Akaiweka ndoo chini, akawasalimia kamwene kama vile hakuna kitu, akaingia ndani. Tangu siku ile mama yangu anaogopa mtu mwembamba kuliko anavyoogopa simba.

Nikaolewa Mbeya na Mnyakyusa anayeuza spea za makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, kule Makongolosi. Anakaa huko, anarudi nyumbani mwisho wa mwezi. Nilipojifungua mtoto wetu Lusia nilirudi kwa mama kama ilivyo desturi, ili anilee uzazi. Bahati mbaya nikapata homa ya matumbo, nikakonda hadi pete ikawa inadondoka nikifua. Mama alikuwa akinitazama nikinyonyesha, halafu anageuka ukutani. Siku ya kurudi Mbeya aliniambia, "Vero, hivi hivi siwezi kukupeleka kwa watu. Watasema nimewarudishia kuni."

"Mama, nitanenepa tu. Nitakula."

"Nitakutumia unga. Wewe unywe uji asubuhi, usiruke hata siku moja. Unaahidi?"

Nikaahidi. Nani anakataa uji wa mama yake?

Basi kila mwezi ukawa unakuja. Ndoo ndogo ya plastiki yenye kifuniko, imefungwa kwa kipande cha kitenge, inakabidhiwa kondakta wa basi Iringa, naichukua stendi Mbeya. Mahindi, ulezi, soya na karanga, vimekaangwa na kusagwa laini kabisa. Ukifungua tu, harufu inajaa chumba. Nilikuwa nakunywa kikombe kikubwa kabla ya kwenda kibandani. Lusia alipoanza kutembea akawa anasimama kando ya goti langu anangoja wa chini, ule mzito. Nilikuwa namwachia. Nilimlisha kwa kijiko, kwa mkono huu, huku namwimbia.

Mwanzoni ilikuwa furaha tupu. Mashavu yalijaa, watu wakanisifu hadi nikaona haya. Wateja wangu walisema ndoa imenipenda. Mama mkwe alikuja kutoka Tukuyu na ndizi, akanizunguka, akacheka, akashukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga! Sasa umekuwa mtu." Nilimpigia mama simu kumweleza, na nilimsikia akipumua kwa muda mrefu kama mtu aliyetua mzigo.

Halafu mwili haukusimama.

Fundi nguo hawezi kudanganywa na kioo, maana ana futi ya kupimia. Kiuno kiliongezeka, kikaongezeka tena. Lakini mapaja yalikuwa yanapungua. Mikono ilikuwa inapungua! Hilo ndilo lililonichanganya. Nimepima wanawake wanene maisha yangu yote na sijawahi kuona mnene wa namna hiyo, tumbo la mama wa mapacha na miguu ya kuku. Uso ukawa duara, mwekundu. Nyuma ya shingo ikaota nundu, kola zikawa hazikai. Ubavuni nilichanika michirizi ya zambarau. Nikigusa kona ya meza tu, nafanya alama nyeusi ya wiki nzima. Ndevu zikaniota kidevuni, mimi, mke wa mtu. Pasi ya mkaa nikawa siwezi kuinyanyua, namwita jirani anayeuza vitunguu aje aninyanyulie.

Mume wangu alikuwa ananiona mara moja kwa mwezi, kwa hiyo kwake nilikuwa naongezeka kwa kuruka. Mwezi mmoja aliingia, hata salamu haikuisha, akaenda jikoni kufunua masufuria.

"Unatafuta nini, Baba Lusia?"

"Natafuta unachokula nikiwa sipo."

"Sili kitu. Nimeacha hata ugali."

"Mama Lusia, mtu hanenepi kwa upepo."

Na kweli nilikuwa nimeacha. Niliacha ugali, nikaacha mandazi, nikaacha soda. Nilikuwa nikifunga kibanda natembea kwa miguu hadi nyumbani, napanda kilima napumua kama ng'ombe wa jembe, vijana wa bodaboda wananiambia, "Mama, panda, utakufa." Jioni nakula mchicha na kipande cha parachichi. Uji tu ndio sikuuacha. Uji ulikuwa lishe, na niliuhesabu upande wa dawa, si upande wa chakula. Siku nyingine nilikunywa mara mbili, kwa sababu nilikuwa dhaifu na nilitaka nguvu.

Nilipokwenda kupimwa walinikuta na presha na sukari, wakaniandikia kliniki, na kliniki hiyo ilikuwa na benchi refu ukutani. Tulikuwa tunafika alfajiri na mashuka mabegani kwa ajili ya baridi, tunasogea kidogo kidogo kuelekea mlangoni kama shanga kwenye uzi. Mizani ilikuwa mbele ya watu wote, na muuguzi alikuwa anasoma uzito kwa sauti ya mnada. Nilikuwa nafumba macho. Mama mmoja wa Kisafwa aliyekuwa akikaa karibu nami alikuwa anatoa kitambaa chake, anatandika pale penye msumari ili nisichanike. Hakuwahi kuniuliza kitu. Sikuwahi kumjua jina, na bado namwombea.

"Unatumia dawa yoyote nyingine?" waliniuliza kila nilipokwenda.

"Hapana."

"Za kienyeji? Za kuongeza makalio? Sema ukweli, mama, hapa hatuhukumu."

"Naapa, hapana."

Walinitazama vile unavyomtazama mtoto mwenye sukari mdomoni. Nilitoka pale nalia. Nilikuwa nasema kweli, na kweli yangu ilikuwa uongo, na sikujua.

Kuna jambo lingine ambalo silisahau hadi leo. Nguo za Lusia nazishona mwenyewe. Mtoto akikua, kwa kawaida unashusha pindo. Urefu ndio unaotangulia. Mwaka ule gauni zake nilikuwa nazipanua ubavuni, lakini pindo sikuligusa. Lilibaki palepale, msimu hadi msimu. Wenzake wa rika lake pale mtaani walikuwa wamemzidi kichwa kizima. Majirani walikuwa wanambana mashavu, wanasema mtoto ana afya. Nami nilifurahi. Nilisema angalau mmoja ndani ya nyumba ananenepa vizuri.

Masika iliyofuata mama aliugua malaria, na unga haukuja. Nilinunua unga wa dona dukani, nikajipikia uji wa kawaida. Siku chache tu baadaye nikaanza kutapika. Mwili ukaishiwa kabisa, mifupa inauma, nikisimama dunia inazunguka. Nikaanguka juu ya cherehani, kipaji cha uso kikagonga gurudumu, na muuza vitunguu ndiye aliyenipakia kwenye bajaji.

Wodini walinitundikia maji. Kulikuwa na daktari mmoja, dada mdogo tu, macho yamemvimba kwa usingizi. Hakunisomea uzito. Alivuta kiti, akanishika mkono, akawa anaupima ule wembamba wake kwa vidole, halafu akatazama tumbo langu.

"Mama Lusia, umeacha kutumia nini?"

Wote walikuwa wananiuliza natumia nini. Yeye aliniuliza nimeacha nini. Nikamwambia sijaacha kitu.

"Fikiria taratibu. Kitu cha kila siku, ambacho siku hizi kimekatika."

Nikacheka, kwa udhaifu. "Labda uji wa mama yangu."

Yeye hakucheka. Akauliza, "Uji gani?"

Mama alikuja keshokutwa yake. Alikuwa hajapona vizuri, lakini aliposikia nimelazwa alipanda basi. Aliingia wodini amekumbatia ndoo ya unga kifuani, ameifunga kwa kitenge kama mtoto. Namwona hadi leo. Alikuwa ameniletea dawa.

Daktari alimkaribisha kiti, akamwamkia, "Shikamoo mama," akamwuliza habari za Iringa, mvua, mahindi. Kisha akamwuliza, kwa heshima ileile, humo kwenye unga mna nini.

"Mahindi, ulezi, soya, karanga."

"Na nini kingine, mama?"

Mama akaitazama sakafu. Akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anataja chumvi, "Na vile vidonge vya kuongeza mwili. Vidogo tu. Navisaga pamoja."

Alikuwa akivinunua kwa mwanamke mmoja mnadani, kwenye vifuko vya nailoni visivyo na jina. Daktari aliomba akione kimoja. Mama alikuwa navyo kwenye pindo la kanga. Daktari alipokiona alifumba macho kidogo. Alituambia hiyo ni dawa halisi ya hospitali, ya watu wa pumu na magonjwa mazito, hupewa kwa vipimo na kwa muda. Ukimnywesha mtu kila siku, mwaka hadi mwaka, inamfanya kama nilivyo. Na mwili, ukizoea kuletewa, unaacha kutengeneza ya kwake. Ndiyo maana ilipokatika nilianguka.

"Mama," nikasema, "kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia ungekataa."

"Ndiyo, ningekataa!"

"Basi," akasema. Kisha akaikaza ndoo kifuani. "Fidea nilikuwa namwambia kila kitu. Kunywa hiki, kula hiki, ni cha hiki. Akawa anakataa, anakataa, hadi nikamzika. Wewe sikutaka kukuuliza, Vero. Nilitaka upone tu."

"Nilikuwa siumwi!"

Nilipiga kelele hadi wagonjwa wengine wakageuka. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika. Nilikumbuka mume wangu akifunua masufuria, nikakumbuka mizani, na kuapa kwangu mbele ya wauguzi, na usiku wote niliolala njaa nikijiona mimi ndiye mwenye roho ya ulafi. Mama alijua. Kila nilipompigia simu kulalamika kwamba nanenepa na sili, alikuwa akinijibu, "Mshukuru Mungu, mwanangu."

Ndipo daktari akauliza swali ambalo mimi na mama hatukuwa tumelifikia. "Kuna mtu mwingine nyumbani anayekunywa huo uji?"

Mama akaruka. "Hapana! Mtoto wake nilikuwa namfungia mfuko wake peke yake, humo humo kwenye ndoo, haukuwa na kitu!"

Ni kweli, mfuko ulikuwepo. Lakini Lusia alipenda wa kwangu. Mama hakujua hilo, na mimi sikujua lile. Kama angenitajia neno moja tu, mtoto asingegusa kikombe changu.

Lusia akaletwa, akapimwa, akawa mgonjwa wa kitanda cha pili. Mama nikamwambia arudi Iringa. Nilimwambia mbele ya watu, na ndoo yake aichukue. Daktari akasema ndoo ibaki.

Sasa sikiliza kituko. Dawa ya kunitibu ilikuwa ileile. Huwezi kuiacha ghafla. Na wewe unayesoma, ukigundua umekuwa ukipewa, usiache kwa hasira nyumbani, nenda hospitali na ukiseme hicho kidonge kwa jina au ukipeleke mkononi. Walinipa kidonge kilekile, mchana kweupe, safari hii nikijua, na kila tulipokwenda kliniki wakapunguza kidogo. Lusia naye wakampunguzia kwa kipimo chake. Tulianza masika inaisha. Baridi ya mwezi wa saba, ile ya Mbeya inayopasua midomo, ilitukuta tumefika nusu, nikiwa naumwa viungo vyote, nalala mchana kama paka. Viazi vya Uyole vilipojaa sokoni tulikuwa kwenye robo. Mvua za kwanza zilipoanza, daktari akasema mwili wangu umeamka. Uso ulikuwa umerudi. Nilijishika mataya mbele ya kioo nikalia kwa kuyaona.

Tumbo halikurudi lote. Nilimwuliza daktari kwa nini, wakati dawa imeisha na nakula kama sungura. Alinieleza kwa ufupi, nami nakueleza hivyo hivyo. Mafuta mwilini hukaa ndani ya chembe zake, na ile dawa ilikuwa inazaa chembe mpya, si kuzijaza zilizokuwepo tu. Ukipungua, chembe zinasinyaa lakini haziondoki kirahisi. Zinakaa zimekunjamana zinangoja kujazwa tena. Nikamwelewa upesi. Nguo ninayoipunguza huwa sikati kitambaa. Nakikunja ndani ya mshono, na mwenye nguo akinenepa nakiachia. "Ndiyo maana tunasema bora zisizaliwe," akasema. "Hasa kwa mtoto. Zinazozaliwa utotoni anatembea nazo." Alikuwa anamtazama Lusia, aliyekuwa akicheza na kizibo chini ya meza.

Usiku huo sikumsamehe mama. Nilikuwa nimekaribia, lakini neno hilo lilinirudisha. Mimi mwili wangu ni wangu, nimeshazaa, nimeshaolewa. Mtoto alikuwa amewekewa mzigo kabla hajajua kutamka jina lake, na bibi yake ndiye aliyeufunga.

Mume wangu, kama unataka kujua, alikuja kutoka Makongolosi, akakaa ukingoni mwa kitanda, akasema, "Kumbe kweli ulikuwa huli." Hakuomba msamaha. Ila tangu siku hiyo hajagusa kifuniko cha sufuria yangu, na akirudi ananibebea pasi ya mkaa hadi kibandani, watu wanaona.

Mama alikuwa akipiga simu kila Jumapili baada ya misa. Sikupokea. Simu ilikuwa ikilia juu ya meza ya kukatia, Lusia anasema, "Bibi huyo," mimi naendelea kukanyaga cherehani. Chakula cha mtu yeyote kilinishinda. Hata cha mama mkwe, nilikuwa namwambia nimeshiba. Ukisalitiwa na kikombe cha mama, utapokea cha nani?

Kabla ya Pasaka nilimvalisha Lusia gauni lake la kanisani. Lilikuwa limepanda juu ya magoti. Nikamvua, nikalifumua pindo, nikalishusha, nikampima tena na tena kama mwendawazimu, futi ukutani, futi mgongoni. Mtoto alikuwa amerefuka! Nikakaa sakafuni na uzi mdomoni. Nilitaka kumwambia mtu mmoja tu duniani ambaye angeelewa, na mtu huyo ndiye niliyekuwa nimemkatia simu. Jumapili hiyo simu ilipolia, nikapokea. Nikasema, "Lusia nimemshushia pindo." Upande wa pili mama akaanza kulia.

Akaja Jumatatu ya Pasaka. Amekonda yeye sasa. Alikuwa na mfuko wa salfeti, akautua mlangoni, hakuuingiza ndani.

"Nimeleta punje," akasema. "Mahindi, ulezi, soya, karanga. Sijasaga. Ukasage mwenyewe, uone vinavyoingia."

Tulikwenda mashineni wote watatu. Nilisimama karibu na mdomo wa mashine hadi nikawa mweupe kwa unga, na mama alisimama mbali kidogo, mikono ameiweka nyuma, ili nione kwamba haishiki kitu. Nilipika uji mwenyewe. Nikaumimina vikombe vitatu, nikaketi, nikakitazama changu. Harufu ilikuwa ileile, nikakisukuma mbali kidogo.

Kwetu Iringa, anayekukaribisha ulanzi, pombe yetu ya mianzi, huonja yeye kwanza mbele yako, ndipo akupe. Anakuonyesha kwamba hamna kitu ndani. Wanafanyiana wageni, na watu wasioaminiana. Mama na mtoto wake hawafanyiani. Mama yangu alinyoosha mkono, akachukua kikombe changu, akanywa funda moja kubwa huku ananitazama, akafuta ukingo kwa kanga, akakirudisha mbele yangu.

Niliumia kuliko nilivyoumia wodini.

"Bibi," Lusia akauliza, "mbona unakunywa uji wa mama?"

"Naangalia kama una moto, mwanangu," akasema mama.

Ulikuwa uongo, na nilikuwa nimeapa kwamba hatanidanganya tena. Huo nikauacha upite. Nikachukua kikombe nikanywa, na Lusia aliposogea kando ya goti langu kungojea wa chini, nikamwachia.